Mtoto aliyekosa hewa: maswali mnayoniuliza Goma

*Mtoto alichelewa kulia alipozaliwa. Mashine ya mawimbi ya ubongo itamponya?*

Barua za Ndosho, Majengo na Keshero zinauliza jambo moja, nazijibu pamoja: hapana. Mashine hiyo haitii umeme kichwani wala haitoi oksijeni. Nyaya nyembamba hubandikwa kwenye ngozi ya kichwa, zikanasa umeme ambao ubongo wenyewe unatoa, umeme wa sehemu za milioni za volti. Hans Berger, Mjerumani, aliurekodi kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924, na hadi leo kazi ya kipimo hiki ni kusoma tu. Anayewatoza pesa ili "achaji" ubongo wa mtoto ni mwizi.

Lakini kusoma huko kuna thamani kubwa. Mchoro wa mawimbi hayo ukirudia hali ya kawaida ndani ya siku mbili za mwanzo, tunapata matumaini. Pia kuna degedege la kimya: kichanga hatikisiki, ukimtazama utadhani amelala, kumbe ubongo unaungua. Hata fenobarbitali, dawa ya degedege, huweza kutuliza mikono na miguu huku degedege likiendelea ndani. Bila mchoro, daktari anakisia.

*Na pasipo mashine?*

Mtoto apimwe sukari ya damu, oksijeni na joto la mwili. Sukari ikishuka nayo huleta degedege, na kipimo chake ni tone moja la damu kisiginoni.

*Ulaya wanawapoza watoto hawa. Nimfunike kitambaa chenye maji?*

Usithubutu. Huko mtoto hushushwa joto la mwili hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72, akilindwa kila dakika. Utafiti wa HELIX uliotolewa mwaka 2021 kutoka India, Sri Lanka na Bangladesh ulionyesha vifo zaidi kwa waliopozwa, tena ndani ya hospitali.

*Mganga anataka kumchanja utosini.*

Mkatalie.

*Mtoto ameangukia kwenye mazuku. Apelekwe kupimwa ubongo?*

Kwanza atoke. Mazuku ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni. Ndiyo maana mbuzi na watoto huanguka kabla ya mtu mzima aliyesimama. Usiiname kumwokota ukiwa peke yako, mtalala wawili. Akishafika juu na hapumui, mpulizieni pumzi mkikimbilia hospitali.

*Tuzuieje haya yote?*

Mtoto asiyepumua anahitaji kupuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika moja ya kuzaliwa. Mama mjamzito, kabla uchungu haujaanza, nenda maternite yako uombe kuonyeshwa mfuko huo na mkunga anayejua kuutumia. Usipoonyeshwa, tafuta maternite nyingine.