SOMO LA UFUNDI: Kiungo cha Chuma Kikiachia, Tafuta Chanzo

Tuseme keria ya baiskeli imekatika. Fundi wa hapa Mkwaja anaiunga kwa mashine ndogo ya kuchomelea, ile inayotumia waya badala ya vijiti. Kwa macho, kiungo ni kizuri. Kimepakwa na rangi. Asubuhi mama anapanda nyuma, amempakata mtoto. Wakifika kwenye makorongo, kiungo kinaachia. Wote chini!

Hapo watu husema, "Mashine mbovu." Kumbe mara nyingi siyo mashine. Kiungo chenyewe kinaonyesha kosa liko wapi. Sisi tumejifunza kusoma maandishi. Leo tusome chuma.

1. Kiungo kina matundu

Chuma ni kichafu, au upepo umeingia. Hapa kwetu tuko karibu na bahari, na hewa ya chumvi inaleta kutu upesi. Sugua kutu, rangi na mafuta kwa brashi ya waya au msasa mpaka chuma king'ae.

Waya uko wa aina mbili. Wa kwanza ni mtupu, nao unahitaji gesi ya kuukinga moto. Upepo wa kusi au wa kaskazi ukivuma, gesi inapeperuka na matundu yanatokea. Weka kizuizi cha bati upande wa upepo, lakini usijifungie ndani ya moshi. Wa pili una unga ndani yake, na unga huo ndio kinga. Huo unafaa zaidi kazi ya nje.

2. Kiungo kimekaa juu kama nta

Moto ni mdogo, chuma hakikuyeyuka. Kiungo hiki ndicho cha hatari, maana kinadanganya macho. Kwanza angalia kibanio cha ethi. Kikibanwa juu ya kutu au rangi, umeme haupiti vizuri. Halafu angalia waya wa kurefushia umeme. Umeme wetu ni wa volti 230, lakini ukipita kwenye waya mrefu na mwembamba, unafika umepungua. Tumia waya mnene na mfupi, nao usiuache umeviringwa. Baada ya hapo ndipo uongeze moto.

3. Chuma kinatoboka

Moto umezidi, au mkono unakwenda polepole mno. Punguza moto. Chuma chembamba kichomelee kidogo kidogo, ukikiacha kipoe.

4. Waya unasukuma mkono, au unaganda kwenye ncha

Waya ukitoka kwa kasi mno, unagonga chuma na kuusukuma mkono. Ukitoka polepole mno, unaungua na kuganda kwenye ncha ya shaba. Rekebisha kasi kidogo kidogo. Ikiwa sawa, utasikia sauti moja isiyokatika, kama samaki anayekaangwa. Waya ukikwama-kwama, angalia kama una kutu au kama ncha imeziba. Ukimaliza kazi, toa waya uufunge kwenye mfuko wa plastiki, uuweke pakavu.

5. Cheche ni nyingi kupita kiasi

Pengine nyaya zimefungwa kinyume. Kwa kawaida waya wa gesi hutaka mkono wa kuchomelea uwe kwenye alama ya kujumlisha (+). Waya wa unga usiotumia gesi hutaka uwe kwenye alama ya kutoa (–). Soma maelezo ya mashine na ya waya wenyewe. Zima umeme kabla ya kubadilisha.

Shika haya mawili

Kwanza, badilisha jambo moja tu, kisha jaribu. Ukibadilisha matatu kwa pamoja, hutajua lipi lilikuwa kosa.

Pili, jaribu kwenye vipande vya chuma chakavu vyenye unene ule ule. Unga vipande viwili, kimoja ukibane kwenye jiliwa, kingine ukipige nyundo mpaka kipinde. Kiungo kikibanduka na kuacha chuma laini chini yake, hakikushika.

Methali inasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa chuma hauzibwi kwa kupaka juu. Saga kiungo kibaya chote kiishe, ndipo uunge upya.

Jihadhari

Vaa ngao ya uso, glavu na viatu vikavu. Usichomelee umesimama kwenye maji. Watoto wasikae kutazama, mwanga ule unaumiza macho, na usiku huwa kama yametiwa mchanga. Bomba za chuma za maji na bati mara nyingi hupakwa zinki. Isage kwanza, tena ukiwa umejikinga vumbi. Moshi wake huleta homa na kutetemeka.

Anayetaka kujifunza zaidi aulize VETA au SIDO mjini Tanga.

Ndugu fundi, mteja hawezi kuona ndani ya kiungo. Anakuamini wewe. Mtoto aliyepakatwa pale nyuma naye anategemea mkono wako.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini waya wa gesi unasumbua siku ya upepo?
2. Kiungo kimekaa juu kama nta. Utaangalia nini kwanza?
3. Kwa nini tunabadilisha jambo moja tu kwa wakati?
4. Je, katika kijiji chetu ni vitu gani vikiachia vinaweza kuumiza watu?