Chetezo Mkononi

Somo: 2 Mambo ya Nyakati 26, 2 Wafalme 5:1-15

Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome sura hizo mbili. Hapa nitasimulia kwa maneno yangu mwenyewe, na maneno yangu hayawezi kuchukua nafasi ya Neno.

Mtu aliyesomea biashara kama mimi hawezi kumsoma mfalme Uzia bila kumpenda. Alianza kutawala akiwa na miaka 16, akakaa kwenye kiti miaka 52. Alijenga minara Yerusalemu na jangwani. Alichimba visima vingi kwa sababu alikuwa na mifugo mingi, akaweka wakulima na watunza mizabibu, na andiko linasema wazi kwamba mambo ya shamba aliyapenda. Jeshi lake lilikuwa la watu 307,500, wenye ngao, mikuki, chapeo na pinde, na juu ya minara kulikuwa na mitambo ya kurusha mishale na mawe makubwa. Hiyo ni ripoti ya mwaka ambayo bodi yoyote ingesimama kuipigia makofi.

Sasa angalia mstari wa 15 na wa 16. Alisaidiwa kwa namna ya ajabu mpaka akawa na nguvu. Alipokwisha kuwa na nguvu, moyo ukapanda. Kiburi hakikumjia siku za njaa. Kilimjia hesabu zilipokuwa nzuri, visima vimejaa na jina limefika mpaka Misri. Akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ambayo haikuwa yake. Ilikuwa kazi ya wana wa Haruni.

Wengi tukihubiri sura hii tunaishia hapo: aliingia pasipo pake, akapigwa ukoma, Amen. Lakini soma taratibu. Kuhani Azaria aliingia nyuma yake pamoja na makuhani 80, wakamwambia atoke. Uzia akakasirika. Chetezo kilikuwa mkononi. Na pale alipokuwa akiwakasirikia makuhani, ndipo ukoma ulipotokea kwenye paji la uso wake. Andiko halisemi ulitokea alipovuka kizingiti. Mimi naona kulikuwa na nafasi pale kati, pengine ya dakika moja, ambayo mfalme angeweza kuweka chetezo chini na kusema, "Ndugu zangu, mko sawa." Hakusema. Akaishi katika nyumba ya peke yake mpaka kufa, na mwanawe Yothamu akatawala kwa niaba yake.

Hapa nitasema jambo ambalo halitapendwa na kila mtumishi. Makanisani kwetu, sisi wa Kipentekoste hasa, mtu akimuuliza mchungaji kuhusu pesa au uamuzi fulani, haraka anatajiwa Zaburi 105:15, kwamba watiwa mafuta wa Bwana wasiguswe. Isome zaburi yote. Inawazungumzia Abrahamu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache kati ya mataifa, watu wasio na mtetezi. Haikutolewa iwe ukuta wa kumficha kiongozi. Uzia alikuwa mfalme, na Azaria alimzuia hadharani, na Mungu akasimama na Azaria. Najua pia wapo watu wenye tabia ya kukosoa kila kitu mpaka sauti ya mwimbaji, na hao wana somo lao siku nyingine.

Sasa nije kwangu, maana nimemwomba ruhusa anayehusika niandike haya.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, Jumapili moja ya Mei, nilihubiri juu ya utoaji. Nilikuwa na projekta. Nikaonyesha grafu ya sadaka kuanzia Desemba: Desemba laini iko juu kama mnazi, Machi inainama, Mei iko chini kabisa. Nikasema laini hiyo ni kipimo cha joto la kiroho, na kwamba kanisa limepoa. Nilisema kwa ukali, nikasikia nimetoa neno.

Ibada ilipokwisha, mama mmoja wa wahudumu wa mlangoni akanifuata. Ni mama anayeuza chapati na maharagwe asubuhi karibu na stejini Ukunda. Akaniambia kwa upole, "Pasta, mwanangu, hiyo laini yako inateremka kila Mei. Si watu wamemwacha Mungu. Ni hoteli zimewaacha watu. Ungeuliza."

Wewe mkazi wa Diani hulihitaji somo hilo. Mvua ya masika ikianza, watalii wanapungua, hoteli za ufuoni zinapunguza watu, wengine wanaambiwa waende nyumbani wasubiri kuitwa. Mwendesha tuktuk anakosa abiria, muuza vinyago anakaa kutwa, hata samaki anakosa mnunuzi. Nusu ya waliokaa mbele yangu Jumapili ile hawakuwa na mshahara. Nilijua kuchora grafu, sikujua jirani yangu anakula nini.

Nilimjibu, "Asante mama, ubarikiwe," huku natabasamu, na rimoti ya projekta bado mkononi. Moyoni nilikuwa nachemka. Wiki ile nilimwambia mchungaji kiongozi kwamba yule mama ana roho ya upinzani. Kisha nikapanga upya zamu za wahudumu, nikamwacha nje Jumapili mbili, nikisema tunawapa vijana nafasi. Mpendwa, hayo niliyafanya nikiwa katika maombi ya kufunga. Jumatano ya wiki hiyohiyo nilisimama mimbarani nikasema mimi ni mavumbi tu mbele za Bwana. Kuwa mavumbi mbele za Bwana ilikuwa rahisi. Mbele ya muuza chapati ilinishinda.

Sisi tuliosoma tuna mtego wetu hapa, na historia ya pwani hii ina mfano wake. Ukipita Dongo Kundu ukatokea Mazeras, Rabai si mbali. Jengo la kanisa la zamani pale siku hizi ni makumbusho. Kutoka Rabai, mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alisafiri bara na msafara ulioongozwa na Mswahili aitwaye Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya mlima Kilimanjaro. Alipouliza, kiongozi wake wa njia alimjibu kwamba ni baridi. Rebmann, aliyezaliwa Ujerumani, akaelewa: ni theluji. Habari zilipofika London, msomi mmoja wa jiografia aitwaye William Desborough Cooley alizipinga. Alikuwa amesoma vitabu vingi juu ya Afrika, na Afrika yenyewe hakuwahi kukanyaga. Mwaka 1852 alitoa kitabu chake akiendelea kupinga. Karl Klaus von der Decken alipofika mlimani mwaka 1861, na tena 1862, akathibitisha theluji ipo, Cooley bado hakukubali. Mtu amekaa London anambishia aliyeona, na nyuma ya aliyeona yuko mwenyeji aliyekwisha kusema "baridi" kwa neno moja. Ninapomcheka Cooley nakumbuka grafu yangu.

Kilichonivunja ni Naamani, nilipokuwa naandaa somo la vikundi mwezi wa Juni. Naamani naye ana ukoma, na ni mkubwa, jemadari wa Shamu. Elisha hakutoka hata kumsalimia. Alituma mjumbe amwambie akaoge Yordani mara 7. Naamani akaghadhibika. Akataja mito ya kwao, Abana na Farpari, kwamba ni bora kuliko maji yote ya Israeli, akageuka aende zake.

Umeona? Naamani alikasirika sawasawa na Uzia. Hilo sikuwa nimeliona kabla. Nilidhani mnyenyekevu ni mtu asiyekasirika akiambiwa. Lakini watumishi wake walimkaribia, wakamwita baba, wakamwambia kwamba angeagizwa jambo gumu angelifanya, sembuse kuoga tu. Akiwa bado na hasira zake akasikia, akashuka mtoni. Methali yetu yasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ni kweli, ila waliomwokoa Naamani hawakuwa wakuu. Wa kwanza alikuwa msichana mdogo, mateka, kijakazi wa mkewe. Wa pili walikuwa watumishi wake. Mmoja aliingia hekaluni mzima akatoka na ukoma, mwingine alikuja na ukoma akarudi kwao na ngozi ya mtoto, na wote wawili waliambiwa ukweli wakiwa na hasira.

Nilikwenda kwa yule mama asubuhi, pale stejini, wateja wakiwa wamesimama. Nikamwomba msamaha kwa ile Jumapili na kwa zile zamu. Akanisikiliza huku anageuza chapati. Akasema, "Mimi yamekwisha. Lakini kuna kijana wako Msambweni, umemtafuta?"

Sikuwa hata nimegundua kwamba hayupo. Alikuwa weita, alisimamishwa mwezi wa Aprili, akarudi kwao Msambweni kulima na wajomba zake. Nikapanda matatu siku ileile. Nilimkuta shambani. Nikamweleza nilichokuja kufanya, akanikatia dafu, akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Pasta, siku ile nilikuja niombewe kazi. Nilikuwa na nauli ya kurudia tu. Ulipowasha ile picha ukutani, nikaona ni mimi umenichora."

Sikuwa na andiko la kumjibu. Nilimwomba msamaha, tukaomba pamoja. Nilipomuuliza kama atarudi kanisani alisema ataangalia. Mpaka naandika haya hajarudi, na mimi bado naenda Msambweni kila mwezi.

Jumatano hii vikundi vya nyumbani vitasoma sura hizi mbili. Kabla hujaja, mtafute mtu mmoja aliye chini yako, awe mtoto wako, dada wa kazi za nyumbani au mdogo wako kazini, umuulize ni jambo gani anaogopa kukuambia. Akishasema usijitetee; nenda nalo kwenye maombi kwanza. Kikundi cha Ukunda kitaongozwa na yule mama, saa tisa alasiri. Mimi nitakuwa pale kama msikilizaji.