Kabla Hujaajiri Mhandisi wa Uzalishaji

Tuseme una kiwanda cha kukamua alizeti pale Singida. Mbegu zinaingia, mafuta yanatoka, lakini mwisho wa mwezi hesabu hazikai sawa. Fundi ameifungua mashine mara tatu na kusema haina ubovu. Huenda anasema kweli. Kazi ya fundi ni kuhakikisha mashine inazunguka. Kujua mbegu inafanywa nini humo ndani ni kazi ya mhandisi wa michakato ya uzalishaji. Huyu huifuata mali ghafi tangu inaposhushwa kwenye lori mpaka mafuta yanapotiwa kwenye dumu, akipima unyevu, joto, muda na kile kinachopotea njiani.

Utajuaje kama unamhitaji? Pima kwanza. Kwa wiki mbili andika kila siku kilo za mbegu zilizoingia, kilo za mafuta na kilo za mashudu. Kisha peleka mashudu kidogo maabara wakuambie yamebaki na mafuta kiasi gani. Chukua mfano wa mbegu zenye mafuta asilimia 40. Mashudu yakibaki na mafuta asilimia 14 badala ya 8, unapoteza takriban kilo 45 za mafuta katika kila tani ya mbegu. Ukikamua tani 5 kwa siku, hizo ni zaidi ya kilo 200 unazouza kwa bei ya chakula cha kuku! Zidisha kwa siku za kazi za mwezi mzima, halafu linganisha na mshahara unaofikiria kumlipa. Ikiwa unakamua magunia machache tu, pengine unamhitaji mtaalamu kwa wiki tatu, akurekebishie mambo na kuwafundisha vijana wako, kisha aende zake. Wenye viwanda wengi wadogo wangetosheka na huyo.

Utampata wapi? Anzia SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, maana lina ofisi mikoani na ushauri wake unaufikia bila kufunga safari ya Dar es Salaam. Ukitaka mwajiriwa wa kudumu, ulizia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachofundisha uhandisi wa kemikali na michakato, au TaESA, inayoshughulikia huduma za ajira. Kwa mambo ya vyakula, Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro nacho kina wataalamu wake.

Akishakuja na vyeti, hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Sheria namba 15 ya mwaka 1997 inataka anayefanya kazi ya uhandisi awe amesajiliwa. Utaona madaraja tofauti. Mhandisi mhitimu ametoka chuo na bado anajenga uzoefu. Mhandisi mtaalamu ameshaupata na kuthibitishwa. Mhitimu ana gharama ndogo, ila usimwachie kiwanda peke yake kama hakuna mkubwa wa kumwelekeza.

Usaili usiufanyie ofisini. Mpeleke kwenye mashine, mkabidhi daftari lako la wiki mbili, kisha nyamaza. Anayefaa ataanza kuuliza: mbegu zilikuwa na unyevu gani, zinapashwa moto kabla ya kukamuliwa, mizani mara ya mwisho ilihakikiwa lini? Atayashika mashudu na kuyasugua viganjani. Yule anayekwambia ununue mashine mpya kabla hajagusa chochote, mshukuru na umpe nauli.

Kuhusu gharama, mshahara si mwisho wa hesabu. Mfano, kwa mshahara wa shilingi 2,000,000, mchango wako wa hifadhi ya jamii, NSSF, ukiwa asilimia 10 ni 200,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, asilimia 0.5, ni 10,000. Ukiwa na wafanyakazi 10 au zaidi kuna tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa mwaka 2023 hadi asilimia 3.5, nayo ni 70,000. Kwa hiyo tenga 2,280,000 kila mwezi, na ukumbuke kwamba hata siku zake 28 za likizo ya mwaka utamlipa.

Mkataba uwe wa maandishi. Ukiwa wa ajira ya muda maalumu kwa mtaalamu, si yule mshauri wa wiki tatu, usipungue miezi 12. Na kazi yake iandikwe humo waziwazi. Mwenye kiwanda mmoja ninayemfahamu aliajiri kijana hodari, akamgeuza mtu wa kufuata vipuri mjini na kuwasha jenereta. Mwaka ukaisha hajafungua daftari la uzalishaji hata mara moja. Wewe andika, kwa mfano, kwamba ndani ya miezi 6 mafuta kwenye mashudu yashuke kutoka asilimia 14 hadi 9, na maabara ndiyo itakayothibitisha. Na siku anayoripoti, akute mizani inayofanya kazi na kipima unyevu chake mwenyewe.