Kasuku Mdogo wa Australia: Kuzisoma Dalili Zake

Kasuku mdogo afugwaye tunduni (Melopsittacus undulatus) asili yake ni nyika kame za Australia, aishiko kwa makundi makubwa. Mwaka 1840 mtaalamu wa ndege John Gould aliwafikisha wachache Uingereza wakiwa hai. Hata tunduni, tabia zake ni za kundini.

Asagapo mdomo taratibu jioni, ametulia na yu karibu kulala. Dume akikitapikia kioo punje alizomeza, si lazima awe mgonjwa: ndivyo amlishavyo jike.

Dalili moja hudanganya. Ndege atunishapo manyoya hunasa hewa kati yake, na kwa kuwa hewa haipitishi joto kwa urahisi, mwili hubaki na joto lake. Usingizini hilo ni la kawaida. Lakini akishinda mchana kutwa ametuna, kimya, sakafuni mwa tundu, yaelekea ni mgonjwa. Porini mwenye kuonyesha udhaifu huwa windo jepesi. Hivyo huficha maradhi mpaka nguvu zimwishie. Mfugaji angojaye dalili kubwa zaidi huchelewa.

Zoezi: Kasuku wa gramu 35 amepungua gramu 4. Hiyo ni asilimia ngapi ya uzito wake? Linganisha na mtu wa kilo 60. Kwa nini mizani huweza kugundua ugonjwa kabla ya macho?