SOMO: KUCHANGANYA SAUTI ZA WIMBO ILI MANENO YASIKIKE

Kikundi kinachokwenda Kampala kurekodi wimbo wa afya, tuseme katika chumba cha kukodi upande wa Mulago au Kamwokya, hulipia muda. Yajueni makosa haya kabla ya kupanda basi.

Chukueni maneno haya: "Msinywe maji ya mto." Ngoma ikipigwa juu ya silabi "si", mtu aliye mbali atasikia "Mnywe maji ya mto." Katika Kiswahili silabi moja ndogo ndiyo inayokataza, na ikipotea, wimbo wa kipindupindu unafundisha kinyume.

Inapoteaje? Sauti nzito za ngoma na besi hufunika zile nyembamba, na s, f na sh ni nyembamba na dhaifu. Wengi hujibu kwa kupandisha mwimbaji. Kisha mpiga gitaa naye anaomba aongezwe, mpiga kinanda hataki kubaki nyuma, mwisho taa nyekundu ya mashine inawaka na sauti inapasuka. Sauti iliyorekodiwa ikiwa imepasuka haiponi kwa kupunguzwa baadaye. Anzeni na mwimbaji peke yake, halafu ingizeni vyombo kimoja kimoja. Neno likianza kupotea, punguzeni chombo kilichoingia mwisho. Mpiga besi atanuna kidogo, mvumilieni.

Msiongeze mwangwi mwingi. Ukumbi wa mabati unao wake tayari.

Chumba kidogo nacho hudanganya. Ukikaa karibu na ukuta au pembeni, besi huvimba kuliko ilivyo, nawe utaipunguza mno. Sogea, sikiliza mahali pengine. Kisha cheza wimbo kwenye redio ndogo au simu, na kwa spika moja tu, kwa sababu kipaza sauti cha kambini hakina kushoto wala kulia.

Fanyeni kazi kwa sauti ambayo watu wawili wanaweza kuongea bila kupaza, na mpumzike kila saa. Sikio lililochoka huomba kelele zaidi. Kwa kipimo cha kawaida cha kazini, desibeli 85 huvumilika saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hupungua nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na kwenye 100 ni dakika 15 tu. Masikio yakilia baada ya kazi, hiyo ni onyo. Yakiendelea kulia siku ya pili, nenda kituo cha afya cha kambi. Wakiona haja ya daktari wa masikio, watakuandikia barua ya rufaa. Hospitali ya Mulago wapo.

Kabla ya kumaliza malipo, mwiteni mtu asiyeujua wimbo, hata muuza chapati wa nje. Asikilize mara moja, kisha awaambie alichokatazwa kunywa.