Mjadala wa Jazi Darasani: Msanii Akibadilika, Amekua au Amepotea?

Walimu wengi wa lugha hulalamika kwamba midahalo ya wanafunzi wao haina uhai. Mada huwa ni zile zile za kila mwaka, na hoja hukaririwa kama mambo ya kuhifadhiwa kwa moyo. Makala haya yanapendekeza mada ambayo wapenzi wa muziki wa jazi wamebishana juu yake kwa miaka mingi pasipo kuchoka: msanii anapouacha mtindo uliompa jina akashika mwingine, je, amekua au amepotea? Mfano wetu ni mpiga piano wa Marekani, Herbie Hancock.

Kwanza, mwalimu hana budi kuondoa utata wa jina. Mwanafunzi wa Tanzania akisikia neno jazi hukumbuka bendi za dansi kama Morogoro Jazz na Western Jazz. Bendi hizo zilichukua jina, lakini muziki wao ulikuwa wa dansi wenye magitaa mengi. Jazi tunayoizungumzia hapa ilizaliwa miongoni mwa Wamarekani Weusi, na moyo wake ni ubunifu wa papo kwa papo: mpigaji huuchukua wimbo unaojulikana, akautungia mapya palepale.

Shabaha ya somo

Baada ya vipindi viwili, mwanafunzi aweze kutenganisha mambo matatu katika hoja yake: analolisikia, analolijua na analolipenda.

Mambo ya kujua mwalimu

Hancock alizaliwa Chicago mwaka 1940. Santuri yake ya kwanza, Takin' Off ya mwaka 1962, ina wimbo uitwao Watermelon Man. Kati ya mwaka 1963 na 1968 alipiga piano katika kundi la Miles Davis. Baadaye aliongoza kundi lake mwenyewe, ambalo wanamuziki wake walichukua majina ya Kiswahili, kwa kuwa wakati huo Wamarekani Weusi wengi walikuwa wakiitafuta asili yao ya Afrika. Yeye alijiita Mwandishi, na santuri yao ya mwaka 1971 ikachukua jina hilo. Mpiga besi Buster Williams aliitwa Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart akaitwa Jabali, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson akaitwa Mganga, naye kwa hakika alikuwa daktari.

Muziki wa kundi hilo ulikuwa mgumu kwa wasikilizaji wengi, na mwaka 1973 kundi likavunjika. Mwaka huo huo Hancock alitoa Head Hunters, santuri yenye vinanda vya umeme na midundo ya kuchezeka, ambayo mauzo yake yalipita nakala milioni moja. Hapo ndipo ugomvi ulipowaka. Baadhi ya wapenzi wake walisema ameiuza sanaa. Wengine wakasema ameirudisha kwa watu.

Hatua za kufundishia

Bahati njema ni kwamba Watermelon Man imo pia katika Head Hunters. Kwa hiyo darasa linaweza kulinganisha wimbo mmoja, wa mtunzi mmoja, katika sura mbili zilizopishana kwa miaka 11.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza bila maelezo. Piga sura ya mwaka 1962, kisha ile ya mwaka 1973, bila kutaja mwaka wala mauzo. Kila mwanafunzi aandike sentensi tano za yale tu aliyoyasikia. Katika ya kwanza atasikia piano, tarumbeta na saksafoni. Katika ya pili atasikia mtu akipuliza chupa, mdundo mzito usio na haraka, na wimbo wenyewe ukichelewa kuingia.

Hatua ya pili ni kutoa historia iliyoelezwa hapo juu. Hatua ya tatu ni mdahalo wenyewe, kwa sharti moja: kila hoja ianze na jambo lililosikika. Anayesema, "Amepotea," aonyeshe ni kitu gani kilichopotea. Anayesema, "Amekua," aonyeshe kilichoongezeka.

Naomba nikiri kosa langu. Mara ya kwanza kufundisha somo hili nilianza kwa kueleza habari za mauzo. Nilipopiga sura ya pili, darasa lilikuwa limekwisha kuhukumu. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba muziki ule unasikika kuwa wa tamaa ya fedha. Nilimwuliza tamaa hiyo ameisikia katika chombo gani, naye akanyamaza. Kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyempa hukumu kabla ya ushahidi. Tangu siku hiyo sikio hutangulia, habari hufuata.

Matatizo yanayotazamiwa

Wapo watakaosema kwamba kila mtu na apendacho, basi hapana haja ya kubishana. Kweli, kipendacho roho hula nyama mbichi. Lakini kusema "siupendi" ni kujieleza wewe, na kusema "si mzuri" ni kuueleza muziki. Kauli hii ya pili hudai ushahidi. Wengine watadhani kwamba kila badiliko ni maendeleo. Hao wakumbushwe kwamba mwaka 1976 Hancock alirudi jukwaani pamoja na wenzake wa zamani, na mwaka 1983 akatoa Rockit, wimbo wa mashine na mitindo ya vijana wa mitaani. Njia yake haikuwa ngazi ya kupanda wala mteremko.

Darasa lililokomaa lipewe swali gumu zaidi. Ile sauti ya chupa iliigwa kutoka upigaji wa filimbi wa Ba-Benzélé, watu wa misitu ya Afrika ya Kati. Je, huko ni kuheshimu asili, au ni kuchukua mali ya wengine wasioonja faida yake? Swali hili halina jibu jepesi, na mwalimu asijitie kulitoa.

Tathmini

Usihesabu kura za washindi. Mpe kila mwanafunzi kazi ya kuandika hoja bora kabisa ya upande alioupinga. Kisha achague mwanamuziki wa kwao, wa dansi au wa taarabu, aliyebadili mtindo, ampime kwa mizani ile ile.

Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa haki hoja asiyoikubali amejifunza jambo litakalomfaa barazani, mkutanini na kazini. Tukimfikisha hapo, somo litakuwa limetimiza shabaha yake, hata kama hatasikiliza tena santuri ya jazi maishani mwake.