Baridi ya Julai Eastlands: Vidokezo vya Kujipasha Joto bila Kununua Kipya

Julai Nairobi haina huruma. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, jua hupotea siku nenda siku rudi, na ghorofa za Umoja na Kayole, kwa sakafu zake za saruji, hugeuka friji. Kabla hujakimbilia duka, zunguka mtaa kwanza.

1. Nunua fagia soko la Gikomba. Robota la mitumba likifunguliwa, nguo za kwanza kuchaguliwa huitwa kamera, na bei yake hukutoa jasho hata Julai. Zinazobaki mwisho ni fagia. Sweta nzito ya fagia yenye tundu kiwikoni, ipeleke kwa fundi cherehani aitie kiraka. Ikichakaa kabisa usiitupe, ina kazi kwenye namba 3.

2. Badilisha udongo, si jiko. Jiko letu la kiuno chembamba lilibuniwa mapema miaka ya 1980, kwa wazo lililotoka Thailand, na mafundi wa jua kali wakaliingiza kila nyumba. Nje ni bati, mara nyingi la mapipa makuukuu. Ndani ni udongo uliochomwa, na huo ndio hupasuka kwanza. Nenda Kamukunji, mlio wa nyundo utakuongoza, umwombe fundi atie udongo mwingine. Jiko jipya atakuuzia kwa furaha, kwa hiyo sema mapema kilichokuleta.

3. Pikia kikapuni. Hiki ndicho kidokezo nikipendacho. Chukua kiondo kikubwa, kijaze sweta zilizochakaa na mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani, kisha ushone mto wa kufunika juu. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga yale maji, uyachemshe barabara nusu saa. Sufuria iingie kikapuni ikiwa bado inatokota, na usichungulie. Hewa iliyonaswa kati ya vitambaa huzuia joto kutoroka, na maharagwe yanaendelea kuiva bila hata kipande cha kaa. Baada ya saa 3 hivi yaonje. Yakigoma, yarudishe motoni. Usiruke ile hatua ya kuchemsha, maana maharagwe mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu ya kuvuruga tumbo. Githeri ya mahindi makavu itakutesa, anza na ndengu.

4. Okoa vumbi la makaa. Chini ya gunia la muuza makaa hubaki vumbi la bei rahisi. Lichekeche, lichanganye na udongo kidogo au magazeti yaliyolowekwa, finyanga madonge ya ukubwa wa chungwa, anika. Huwaka polepole, yanafaa kwa supu. Mwaka jana nilifinyanga yangu Julai yenyewe, yakakaa juu ya paa wiki mbili yakiwa mabichi. Fanya kazi hii Februari, jua likiwa la kuchoma.

5. Chupa na soksi. Chupa kuukuu ya soda, maji ya moto, soksi iliyopoteza mwenzake: hapo miguu imepata mwenza kitandani. Maji yasiwe ya kutokota, chupa hujikunyata na kuvuja.

6. Katoni chini ya godoro, tabaka mbili. Basi.

7. Tenga maganda. Hiki si cha joto, ni cha taka zinazobaki. Jaa la Dandora lilifunguliwa 1975, likatangazwa kujaa 2001, na bado malori yanapanga foleni. Tangu 2022 sheria inataka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza, lakini hata bila sheria kuna hesabu: katoni ikilowa maji ya maganda ya viazi, mwokota taka hapati kitu kwa kilo hiyo. Maganda mpe jirani mwenye sungura, au yatie kwenye gunia la sukuma wiki. Na ukimuuzia mtu wa skrepa vyuma, viwe vyako kweli. Januari 2022 biashara hiyo ilisimamishwa nchi nzima kwa sababu ya waliokuwa wakibomoa milingoti ya stima.

8. Dirisha liwe wazi. Nimekupa mbinu nyingi za kunasa joto, ila hii inazishinda zote. Makaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Jiko likiwa ndani, acha baridi iingie, na kabla hujalala litoe nje, makaa yawe yamezimika au bado mekundu.